Mtandao Ufike Mafigani

Ujumbe wa Fausta ulinikuta juu ya ngazi, Arusha, nikifunga antena kwenye ukuta wa hoteli. "Kaka, mama ametutoka. Tunazika Jumamosi, Rhotia." Nilikaa pale juu nimeshika bisibisi, huku kijana wa hoteli akiniuliza kutoka chini kama nimekwama. Nilikuwa nimekwama kweli. Fausta na mimi hatukuwa tumewahi kuonana uso kwa uso katika miaka yote kumi na miwili ya kufahamiana. Tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu tu, na mama yake alikuwa ananipigia kila msimu wa maharage kunikumbusha kwamba sijaoa. Sisi mafundi wa mitandao tunasifika kwa kuchelewa, na mimi nimo katika sifa hiyo, lakini msiba ule sikuchelewa. Nilifika Rhotia Ijumaa asubuhi, ukungu haujaondoka, na nilipoiona njia inayoteremka kutoka kambi niliyowahi kufanyia kazi kwenda kwenye nyumba ya marehemu, miguu ikaifuata yenyewe kabla sijaamua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka huo ninaotaka kuusimulia. Kambi ya wageni ilikuwa juu ya kilima, hema kumi na jengo moja la matofali, na mimi nilikuwa mtu wa mapokezi, wa kompyuta, wa jenereta, na wa kumweleza mgeni kwamba maji ya moto yanakuja. Nililala kwenye chumba kilichokuwa stoo ya betri. Kilinuka asidi na magunia ya mahindi, na kwenye dirisha lake dogo asubuhi hapakuonekana kitu ila weupe. Kisha polepole weupe ule ukatoa mti, ukatoa mgongo wa ng'ombe, ukatoa mashamba mekundu ya Karatu, na mwisho kabisa, upande wa pili, msitu mweusi wa ukingo wa Ngorongoro. Nikiwaza sasa, naona kama mwaka mzima ulikuwa ni asubuhi hiyo moja inayochelewa kupambazuka. Mtandao uliingia kambini kwa sahani ya antena iliyoelekea mnara wa mjini, ukashuka kwenye ruta moja ya buluu yenye antena mbili, na ruta hiyo niliipenda kuliko inavyofaa kupenda chombo. Nilikuwa nimeifuta programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani na kuipandikizia nyingine, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea duniani kote, inayokufungulia kila kitu ambacho kiwanda kimekuficha. Nilikuwa najisikia fundi hasa. Nilikuwa na maringo ambayo leo nikiyaona kwa vijana wangu wa kazi nanyamaza tu, maana nayajua yalikotoka.

Jikoni kambini alitawala Mama Fausta. Alikuwa Mwiraqw, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha sufuria, na aliniita Yero kama watu wa kule wanavyowaita vijana wote wa Kimasai, ingawa jina langu alilijua. Chakula cha wafanyakazi kilikuwa makande, na mimi wa kutoka Enguserosambu nilikuwa namwagia maziwa mgando mpaka yawe loshoro ya kwetu, yeye akinitazama na kusema, "Unaharibu chakula cha watu." Kesho yake maziwa yanakuwepo tena kwenye kibuyu, pembeni, upande ninaokaa. Siku moja, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, aliniwekea sahani akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Akatoa simu ya kugusa, mpya, iliyofungwa kwenye khanga. "Yero, huu mtandao wako unaweza kufika nyumbani kwangu?" Nyumba yake ilikuwa bondeni chini ya kambi, mahali ambapo simu ya kawaida haikushika, hatua kama themanini tu. Nikamwambia kwa ujeuri wangu kwamba hatua themanini siyo kitu. "Siyo uani," akasema. "Ndani. Kwenye mafiga." Nikacheka, nikamwuliza kama maharage yake yanataka kutazama video. Hakucheka. Alisema nimalize kula.

Jioni hiyo nikateremka naye. Sikuwa nimewahi kuiona nyumba ya tembe kwa karibu, na kusema kweli ile ya kwanza niliipita bila kuiona, maana paa lake lilikuwa udongo, na juu ya udongo nyasi, na juu ya nyasi mbuzi wawili. Nyumba ilikuwa imechimbwa ndani ya ubavu wa kilima. Ukitokea juu unatembea tu mpaka ujikute umesimama kwenye paa la watu. Zilikuwa zimebaki chache, wengi wamehamia kwenye mabati. Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa Mzee Akonaay, mume wake, mrefu, amejifunga shuka nzito, na kitambaa shingoni. Nilimsogelea, nikainamisha kichwa kama tunavyofanya kwetu, kijana anainama na mzee anamgusa utosini, ndiyo salamu. Nilisahau kabisa kwamba nipo kwa watu wengine. Kichwa kikabaki kinaning'inia. Nikakiinua mwenyewe, nikasema shikamoo, na mzee akaitika marahaba kwa sauti iliyokwaruza, akatazama pembeni. Mama Fausta akaingilia kwa utani, kama mtu anayetupa maji kwenye moto: "Unajua kwa nini tulijichimbia chini hivi, Yero? Tulikuwa tunaficha ng'ombe, babu zenu wasiwaone. Sasa wewe mjukuu unakuja kulalamika mawimbi hayapiti!" Nilicheka sana. Mzee hakucheka, na wala hakusema karibu ndani.

Basi nikaanza kazi kutokea nje. Nilizunguka nyumba ile na simu mkononi kwa majuma, nikihesabu vimistari. Uani viwili, mlangoni kimoja, Mama Fausta akiingia nayo ndani, hakuna kitu, udongo unameza kila kitu. Nilihamishia ruta dirishani, nikazilaza antena, nikazisimamisha, nikabadilisha chaneli kutoka ya kwanza hadi ya sita hadi ya kumi na moja, ingawa hapakuwa na jirani wa kugombana naye hewani. Kisha nikafanya nililokuwa nalitamani tangu mwanzo. Ile programu huuliza uko nchi gani, kwa sababu kila nchi ina kipimo chake cha nguvu inachoruhusu. Nikaidanganya. Nikachagua nchi moja ya mbali, ambayo sijui hata mji wake mkuu, kwa sababu tu huko wanaruhusu nguvu zaidi, nikapandisha mpaka mwisho. Nikashuka mbio bondeni. Mama Fausta akasimama mlangoni na simu, akasema, "Sasa umeufuta wote." Mtandao haukuonekana kabisa, hata uani. Ilinichukua siku mbili kung'amua kwamba ruta, kwa kuamini kuwa iko ugenini, ilikuwa imejichagulia chaneli ya kumi na tatu, na simu ya Mama Fausta, ambayo haikuwa imemdanganya mtu, haikusikiliza huko. Nikairudisha ya sita. Na safari hii, ndani ya tembe, mbele ya mafiga, vimistari vikajaa vyote. Mama Fausta akatoka akipiga vigelegele. Akarudi ndani kupiga simu. Akakaa. Akatoka tena, mkono umeshuka. Vimistari vilijaa, na hakuna kilichopita. Wala ujumbe wa maneno mawili haukwenda. Nilisema ni ugonjwa wa simu. Nilisema ni mvua. Nilisema maneno mengi ya kifundi mwezi ule, na yote yalikuwa ya kujifunika.

Sababu ya haya yote niliisikia kupitia ukutani. Stoo yangu ya betri ilipakana na jiko, na mchana mmoja wa mvua, nikiwa nimelala kitandani na kitabu kifuani, nilimsikia Mama Fausta na Zuhura, dada wa mjini Karatu aliyekuwa anaoka mikate ya wageni, wanachambua maharage. Nilisikia maharage yakianguka kwenye sinia, moja moja, kisha kiganja kizima, na sauti hiyo ilikuwa imeanza kunipeleka usingizini. Zuhura akasema, "Na huyu Yero, umeshamwambia kwamba mkweo ni wa kwao?" Maharage yakanyamaza. "Nimwambie nini," akasema Mama Fausta. "Kwamba Mzee alimfukuza mwanangu kwa ajili ya mtu kama yeye? Halafu nimwombe anitengenezee mtandao?" Nililala pale nikatazama dari. Nilikumbuka kichwa changu kikining'inia mbele ya mzee, na nikaona aibu, kisha hasira, kisha aibu tena. Nikaamka nikaenda jikoni, nikasimama mlangoni bila kusingizia kwamba sijasikia. "Mama," nikasema, "niambie lote."

Akaniambia akiwa anaendelea kuchambua, bila kuinua macho. Fausta alikuwa muuguzi, ameolewa na afisa mifugo Mmasai, wanaishi Mtwara. Siku alipomleta yule bwana nyumbani, mzee alisimama kwenye mafiga akamwambia binti yake, ukitoka mlango huu na mtu huyu, usiuvuke tena mpaka mimi nikuite. Miaka minne ilipita. Tangu siku hiyo jina la Fausta halikutajwa tena ndani ya tembe. Kila mtu kijijini alimwita mke wake Mama Fausta, ila yeye akawa anamwita "wewe mama". Mimba ya kwanza ya Fausta iliharibika. Sasa alikuwa na ya pili, madaktari wamemlazimisha kukaa kitandani, na moyoni alikuwa ameamini kwamba ni lile neno linalomla. Na mzee alikuwa na ugonjwa wa koo. Madaktari walishamwambia kwamba sauti itakwisha, si siku nyingi. "Anataka kumwita," akasema Mama Fausta. "Ameniambia mwenyewe. Nikamwambia twende basi kilimani, mtandao upo. Anasema hawezi kumwita mtoto wake kutoka kilimani kama mtu anaita ng'ombe. Neno aliliweka mafigani, ataliondoa mafigani. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, Yero. Yeye anataka kuyazoa, na anataka ayazoe palepale yalipomwagikia." Nikamwuliza imebaki muda gani. Akasema asubuhi ile mzee alikuwa amemwomba chai mara tatu ndipo akamsikia.

Nilipanda bodaboda nikaenda mjini kwa Bwana Hemedi, mzee wa Kiislamu mwenye duka la redio na simu karibu na soko, ambaye ndiye aliyeniuzia ile ruta ya buluu. Nilimweleza kila kitu kuhusu mitambo, nikamwonyesha kwenye karatasi nguvu niliyoipandisha, nikitarajia kusifiwa. Alinisikiliza huku anasafisha redio ya mtu kwa mswaki. "Kijana," akasema, "umeipa ruta kipaza sauti. Simu umeipa nini?" Sikuelewa. "Vimistari vinakuambia simu inaisikia ruta. Havikuambii ruta inaisikia simu. Ile simu ni ndogo, sauti yake ndogo, imezikwa chini ya udongo, inajibu, inajibu, na wewe huku juu unapiga kelele tu." Akaupuliza mswaki vumbi. "Mtu mwenye sauti ndogo humpigii kelele. Unamsogelea." Alinitafutia ruta nyingine kuukuu, ndogo, ya antena moja, na bunda la waya. Nikaondoka nimenywea. Njia nzima ya Rhotia nilikuwa nabishana naye kichwani, na katika kila hoja alinishinda.

Kusogea kulikuwa na maana moja tu: waya upite kwenye mahindi, uingie ndani ya tembe, ruta ikae mafigani. Na mimi niingie nao, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuiunganisha. Mama Fausta alimwuliza mzee. Jibu likawa hapana. Afunge yeye mama. Nikajaribu kumfundisha yeye, tukashindwana, akasema vitu vyangu vina miguu mingi kuliko tandu. Basi nikalaza waya hata hivyo. Nilichimba mfereji mwembamba katikati ya mistari ya mahindi, hatua themanini, na kila siku mzee alikuwa kwenye kigoda chake akinitazama ninavyokaribia. Nilipofika mlangoni nikasimama. Ncha ya waya nikaivika mfuko wa plastiki, nikaitundika kwenye kigingi kando ya mlango, na pale ikakaa siku nane. Nilikuwa na kiburi na mimi. Nilijiambia kwamba nyumba iliyochimbwa ili watu wangu wasiione sitaomba kuingia. Kila jioni nilikuja kuuangalia mfuko, nikamsalimia mzee, akaitika kwa midomo, kwa sababu sauti ilikuwa imebaki ya ndani ya kinywa tu. Nilijua namwibia siku zake, na bado sikuweza kusema neno la kuomba.

Siku ya tisa mvua ilinikuta pale. Ilikuwa mvua ya upepo, inakuja kwa ubavu, na nilijibana ukutani chini ya ukingo wa paa, maji mekundu yakishuka kutoka kwenye nyasi za juu mpaka shingoni mwangu. Mzee alikuwa ameingiza kigoda chake ndani, hatua moja tu kutoka mlangoni. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaangalia ule mfuko wa plastiki uliokuwa unajaa maji. "Waya unalowa," akanong'ona. "Uingize." Nikachukua ncha ya waya, nikainama kwenye mlango mfupi, nikaingia.

Nyumba zote nilizolala tangu hapo sizikumbuki kama ninavyoukumbuka ule mchana ndani ya tembe. Kulikuwa na joto. Kulikuwa na giza la rangi ya kahawia, na nguzo nyeusi zinazong'aa kwa moshi wa miaka mingi, na upande mmoja boma la ndama mwenye pumzi nzito, na mvua iliyokuwa inalia nje sasa ilikuwa mbali, kana kwamba inanyesha wilaya nyingine. Nilielewa jinsi mtu angeweza kujificha humo na kumsikia adui anapita juu ya kichwa chake. Mama Fausta alinimiminia chai ya maziwa. Nikaweka ruta ndogo kwenye kijukwaa cha vibuyu, juu ya mafiga, nikaiunga kwenye betri ya pikipiki, nikafungua kompyuta magotini. Programu ikaniuliza niko nchi gani. Nikachagua Tanzania. Nikashusha nguvu mpaka karibu na mwisho wa chini, kwa kuwa simu ilikuwa hatua mbili tu. Vimistari vikajaa, ujumbe wa Mama Fausta ukaondoka na jibu likarudi kabla chai haijapoa. Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja. Akaonyesha kwa vidole: kesho, saa tisa.

Kesho yake anga lilikuwa jeupe na limetulia. Tuliegemeza simu kwenye kibuyu, ikitazama mafiga. Uso wa Fausta ukatokea, umevimba kidogo kwa mimba, macho ya mama yake. Mzee akamwonyesha mke wake mlango kwa mkono, kwa upole, na mama akatoka. Lilikuwa jambo la baba na mwana. Na mimi nikasimama nitoke. Ili nitoke ilibidi nipite mbele yake, na kwetu hupiti mbele ya mzee umesimama wima, basi nikainama, kichwa chini, bila kufikiri, kama siku ile ya kwanza. Nikahisi mkono utosini. Ulikuwa mzito na wa moto, kwa sababu alikuwa anaota moto. Haukuondoka. Aliniacha nimeinama hivyo hivyo, mkono wake juu yangu, akaanza kusema na binti yake kwa Kiiraqw. Lilikuwa neno fupi, sentensi moja. Alipoona imetoka hewa zaidi kuliko sauti, akairudia. Akairudia mara ya tatu, na nilikuwa karibu kiasi kwamba niliisikia yote, kila pumzi yake, ila sikuelewa hata silabi moja. Nje, juu, magari ya wageni yalikuwa yanapanda kambini yakitoka kreta ya Ngorongoro. Kisha sauti ya Fausta ikatoka kwenye simu, inalia: "Nimesikia, baba. Nimesikia."

Sauti ya mzee haikusikika tena baada ya juma hilo. Fausta alijifungua mtoto wa kike, salama, na wakati wa mavuno ya maharage akaja naye pamoja na mumewe. Mimi nilikuwa nimeshahamia Arusha, nikasimuliwa tu na mama yake kwamba mzee alimpakata mjukuu siku nzima na hakuna aliyeruhusiwa kumchukua. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Na mimi kwa miaka kumi na miwili nimeisimulia habari hiyo kwenye kila meza ya mafundi niliyokaa. Niliisimulia kama ushindi wangu. Siku watu wanapobishana juu ya nguvu na antena, mimi hutoa tembe la Rhotia mfukoni, na wote hunyamaza.

Jumamosi tulimzika Mama Fausta. Watu walipopungua, Fausta akaniita ndani. Ameshakuwa mtu mzima mwenye miwani, na anacheka kwa kuziba mdomo kama mama yake. Tulikaa kwenye mafiga, na ruta ile ndogo ilikuwa bado ipo kwenye kijukwaa, imekufa siku nyingi, nyeusi kwa moshi kuliko vibuyu. "Kaka," akasema, "kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Hata mama." Akafungua simu yake akanionyesha picha aliyoinasa kwenye kioo cha simu siku ile. Ilikuwa tembe, giza la kahawia, moto. Kijana wa Kimasai ameinama, na mkono wa mzee uko kichwani pake. Katikati ya picha kilikuwepo kile kiduara kinachozunguka wakati mtandao umekwama. "Iliganda hapo," akasema. "Mkono uliposhuka kwako, picha ikaganda na sauti ikakata. Nilimwona baba amekaa hivyo, dakika sijui ngapi. Sikusikia hata neno moja. Lakini nilijua ananisubiri nijibu. Na nilipoona ameweka mkono juu ya kichwa chako, ndani ya nyumba hii, nikasema nimesikia. Sikudanganya sana."

Kichwani niliyaona yale magari ya siku ile yanapanda kilima, nikawaona wageni wanashuka na kamera zao, wote kwa pamoja wakituma simba na vifaru kwao, wakiijaza ile njia nyembamba ya kutokea kambini, ile ya kuingilia ikiwa wazi, na sauti ya mzee imesimama nyuma yao kwenye foleni. Ile programu yangu ilikuwa na uwezo wa kuamuru simu ya Mama Fausta ipite kwanza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilikuwa nimeijua chaneli ya kumi na tatu, nimeijua nguvu ya nchi za watu, na hilo halikunijia kichwani. Nikamwambia yote, na nikamwomba radhi. Fausta akanisikiliza mpaka mwisho. Akachochea moto.

"Basi wewe ulikuwepo," akasema. "Alisema nini?"

Nikamwambia sijui Kiiraqw. Akasema hajaniuliza kama najua Kiiraqw. Nikafumba macho. Nikainamisha kichwa, kwa sababu nilihofia kwamba nikikaa wima haitakuja, na nikangoja mpaka nikauhisi ule mkono wa moto. Sikuwa nimewahi kuitamka sentensi ile mbele ya mtu, haikuwa yangu. Lakini ilikuwepo, nzima, na kukwaruza kwake kote. Nikaisema kwa sauti ndogo, kama nilivyopewa. Niliharibu matamshi, nilisikia mwenyewe. Nilipofumbua macho, Fausta alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na machozi yanapita katikati ya vidole. Sikumwuliza maana yake. Kisha akaishusha mikono, akanisogelea karibu na mafiga, sikio lake upande wangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Na mara ya tatu nikarudia tena, kama alivyofanya baba yake.